Minza, kwa Mkono wa Aliyemwonea Wivu

Parokia inatengeneza kijitabu cha waumini wa kawaida, mmoja kutoka kila kigango, na kigango chetu cha huku Kilimarondo kimemchagua Minza. Watu walinyoosha mikono mara moja, hakuna aliyebisha. Kisha katekista Eusebio akageuka kunitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye katibu wa jumuiya na ndiye mwenye mwandiko unaosomeka, akasema, "Mama Penina, wewe utatuandikia habari za Minza." Wengine wakaziba midomo kuficha kicheko. Hakuna asiyejua mambo yetu.

Basi naandika, na sitaki kumdanganya msomaji tangu mwanzo. Minza nampenda kwa kujilazimisha, siku kwa siku, na kuna siku nashindwa hata chai haijachemka. Eusebio alipoisoma sentensi hiyo aliniuliza kama nina hakika nataka ibaki. Nikamwambia ama ibaki, ama atafute mwandishi mwingine. Imebaki.

Minza ana miaka thelathini na minane. Ni mrefu, mwembamba, ana mwanya wa mbele ambao mimi ningekuwa nao watu wangeniambia nifunge mdomo, lakini kwake wanasema unampendeza. Sauti yake ni ndogo mno. Kwenye kwaya anaimba midomo ikicheza tu. Ameolewa na Masumbuko, mdogo wake mume wangu Makoye, na ananiita dada. Alizaliwa Usukuma, akaolewa huko, akashuka na mumewe wakifuata malisho mpaka Kilombero, na Kilombero akazika watoto wawili katika masika moja. Mungu hakumpa wengine.

Mimi nina watoto sita, wote wazima, na Penina wangu ameshanipa mjukuu. Mtu mwenye akili timamu angesema wivu ungetoka kwa Minza kuja kwangu. Ulikwenda kinyume. Nilimwonea wivu hadi ule msiba wake, jinsi watu walivyoshusha sauti walipomtaja. Hilo nimeshaliungama kwa padre, na bado naona aibu kuliandika.

Sisi ndio tuliotangulia kufika huku, mimi na Makoye. Wenyeji wengi ni Waislamu, wakulima wa korosho, ufuta na mbaazi, na hawakutupokea kwa ngoma. Siwalaumu. Ng'ombe mia wakipita nyuma ya nyumba yako wanakuachia vumbi, kinyesi na wasiwasi. Mwaka wa kwanza mzima hakuna mwanamke aliyenisalimu zaidi ya salamu ya kisimani, ile ya kusema huku unaangalia ndoo.

Kilichonifungulia mlango ni mwano. Kwetu Usukuma, mwano ni yowe la hatari. Unaweka viganja mdomoni, unapiga sauti ndefu inayopanda juu halafu inakatika, na kila anayesikia anaacha kazi yake na kukimbia, huku naye akilipokeza kwa walio mbali. Mwanamume asiyeitika ataeleza mbele ya wazee wa sungusungu. Siku hizi simu zipo, lakini mtandao huku unakuja ukipenda, na mwano hauhitaji chaji. Na katika familia zote za Kisukuma za upande huu, hakuna anayepiga mwano kunizidi mimi. Sijisifu. Ulizeni.

Mwaka wetu wa pili, saa kumi jioni, tembo watano waliingia katika mahindi ya Bashiri, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo. Bashiri na wanawe walikuwa na madebe mawili ya kugonga, na tembo wa huku madebe mawili wanayaona mchezo. Nilikuwa korongoni nachota maji. Nikapiga mwano. Wakatokea wanaume zaidi ya ishirini na fimbo, mbwa na makelele, wakaungana na wenyeji, na wale tembo wakarudi porini. Tangu siku hiyo hata wenyeji waliujua mwano. Wakiusikia, wanatoka na madebe yao.

Kesho yake asubuhi Hadija, mke wa Bashiri, akavuka korongo na bakuli la ming'oko iliyochemshwa, mizizi ya porini ya huku. Sikuwa nimewahi kuiona. Akacheka nilivyoitafuna na maganda, akanionyesha kuimenya. Alinifundisha mahali pa kuichimba, akanifundisha kubangua korosho bila kuunguza vidole. Mimi nikawa nampelekea maziwa mgando. Kwa miaka miwili Hadija alikuwa rafiki yangu, na nasema yangu nikiwa na maana hiyohiyo: wangu, peke yangu. Nilikuwa nimekaa bila rafiki muda mrefu mno, nikasahau kwamba rafiki hafungwi kamba.

Ndipo akaja Minza.

Walifika mwezi wa saba, yeye na Masumbuko na ng'ombe wao. Wiki ya pili tu, Masumbuko akatutia aibu. Kwetu, mahindi yakishavunwa, shamba linakuwa la ng'ombe wote, hakuna anayeomba ruhusa. Masumbuko akakuta shamba la Bashiri limevunwa mahindi, limebaki na vichaka vya kijani vimesimama mistari kwa mistari, akaona Mungu amemwandalia malisho. Vile vichaka vilikuwa mbaazi. Huku wanazipanda pamoja na mahindi, mahindi yanatoka, mbaazi zinabaki kukomaa. Msukuma mgeni peke yake ndiye anayeweza kulisha mifugo mazao ya mtu huku akiimba zaburi ya shukrani.

Bashiri alikuja na panga. Wazee wakakaa, Masumbuko akaomba radhi, panga likarudi nyumbani. Mimi nilikwenda kwa Hadija kumweleza desturi yetu, nikaeleza vizuri sana, karibu saa nzima. Minza yeye alikwenda na jembe. Siku tatu alishinda katika lile shamba akiinua mbaazi zilizolala, akizifunga kwa kamba za miti, akizipalilia, haongei. Siku ya nne Hadija akamvisha kanga mpya. Mimi, pamoja na maziwa yangu yote na tembo wangu watano, sijawahi kupewa kanga.

Hapo ndipo wivu ulipoanza. Nikawa nahesabu. Hadija amepita kwa Minza mara mbili, kwangu mara moja. Hadija amecheka kwa Minza, nimesikia kutoka jikoni kwangu. Hadija amemwita "mdogo wangu". Halafu jumuiya ikafanya uchaguzi, na mimi niliyekuwa mwenyekiti nikawa katibu, na mwenyekiti akawa huyo asiyesikika hata akisali mbele yako. Nilimpongeza. Nilimkumbatia mbele ya watu, na nilipofika nyumbani nikampiga mbwa aliyekuwa amelala tu.

Nilimwendea Eusebio. Ni mtu wa makamo, Mmakonde, wazazi wake walivuka Ruvuma wakiikimbia vita ya Msumbiji, na mguu mmoja anauburuta. Nikamwambia, "Katekista, wivu unaniingia bila kubisha hodi. Hiyo ni dhambi?"

"Kuingia siyo dhambi, Mama Penina. Ukiupa kiti na chai, hapo tuzungumze."

Sikumwambia kwamba wangu nilikuwa nimeshautandikia na kitanda.

Mwaka jana hali ya hewa kati yetu na wenyeji iliharibika. Kitongoji cha juu, maksai alikatwa panga mgongoni, na upande wa pili shamba la ufuta likakanyagwa kabla ya kuvunwa. Kila mtu akawa anatembea na fimbo hata akienda kisimani. Mayunga, binamu yake mume wangu, kijana mwenye mikono mirefu na subira fupi, akauliza katika jumuiya, "Katekista, mtu akija kuchukua ng'ombe wangu, Mkristo nifanyeje? Nimpe na ndama?"

Watu wakacheka. Eusebio hakucheka.

"Kumlinda mnyonge ni haki, Mayunga. Kumzuia mwizi ni haki. Lakini kabla hujainua fimbo jiulize: njia nyingine nimezijaribu? Na nikishamzuia, nitaweza kuacha? Wazazi wangu waliniambia, walioanza kupigana kwa haki walikuwa wengi. Walioweza kuacha walikuwa wachache." Akatutazama mmoja mmoja. "Na vita haianzi siku ya fimbo. Inaanza siku unapofurahi jirani yako akiumia."

Nikainamisha kichwa nikajifanya naandika kumbukumbu za kikao.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Wajukuu wa Hadija, pacha wa mwanawe Huzaifa na mkewe Zaina, walikuwa wametimiza mwaka, na walikuwa dhaifu, shingo nyembamba. Kwetu, ukimpenda mtu unampelekea ng'ombe wa maziwa akae naye. Ng'ombe anabaki wako, maziwa yake. Ni heshima kubwa, hapewi kila mtu. Asubuhi ile Minza alikuja jikoni kwangu.

"Dada, Masumbuko amekubali. Leo Huzaifa atakuja kumchukua yule mwekundu mwenye paji jeupe. Nimeshamfundisha kukamua, anajua kidogokidogo. Nimekuambia wewe ili mtu akiuliza, na wanaume wako mnadani, uwe unajua."

Wanaume wetu walikuwa Ruangwa na ng'ombe wa kuuza tangu juzi yake. Waliobaki hawakuwa na habari.

"Vizuri," nikasema. "Mungu akubariki." Mdomo wangu ulisema hivyo. Kichwani nilikuwa najiuliza kwa nini mimi, katika miaka yote ya mgando, sikufikiria kumpelekea Hadija ng'ombe. Jibu nililijua. Maziwa nilikuwa nayapeleka mwenyewe, kila siku mbili, ili Hadija anishukuru kila siku mbili.

Alasiri nilikuwa korongoni na ndoo zangu. Nikamwona Huzaifa akija na yule ng'ombe, akimvuta kwa kamba kutoka mbele kama mkulima anavyovuta mbuzi, na ng'ombe hataki. Nikatabasamu kidogo. Halafu kutoka ng'ambo nikasikia vigelegele. Hadija alikuwa amesimama ukingoni mbele ya nyumba yake, amevaa kanga yake nzuri, anapiga vigelegele kwa ng'ombe wa Minza, na Zaina naye anampokea. Hadija hajawahi kunipigia kigelegele hata kimoja.

Nitaandika kilichotokea ndani yangu kwa sababu niliahidi. Sikupatwa na kichaa, wala shetani hakunishika mkono. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kuiweka ndoo chini bila kumwaga maji. Niliwaza hivi: nikipiga mwano, watakuja, watamwona Huzaifa na ng'ombe wa Masumbuko, watamrudisha ng'ombe, na Minza ataulizwa mbele ya watu kwa nini anagawa mifugo wakati mumewe hayupo. Ataaibika. Vigelegele vitakoma. Nilitaka hilo tu, vigelegele vikome.

Nikaweka viganja mdomoni, nikapiga mwano, nikataja ng'ombe kwa Kisukuma.

Nilishasema kwamba hakuna anayenizidi. Ulipokelewa na nyumba ya kwanza, ukapokelewa na ya pili, ukapanda hadi kitongoji cha juu. Hata kabla sijashusha mikono nilimwona Mayunga akiteremka mbio na fimbo yake, nyuma yake wanaume wengine wanane, kumi. Huzaifa akasimama katikati ya korongo, kamba mkononi, akitazama porini. Alikuwa anatafuta tembo, maskini.

Na hiki ndicho ambacho sikukiwaza. Wenyeji nao waliusikia. Bashiri akatoka, Shaban akatoka, Abdulkarimu na ndugu zake wakatoka, wote wanakimbia kuja kwetu, madebe mkono mmoja, panga mkono mwingine. Walikuwa wanakuja kutusaidia. Lakini Mayunga, aliyekuwa amesikia ng'ombe wametajwa, alipoinua macho aliona nini? Aliona mtu ameshika ng'ombe wa Masumbuko, na kundi la watu wenye mapanga linamkimbilia kumwokoa.

Akapiga. Fimbo ilimpata Huzaifa kwenye mkono wa kulia, nikasikia mfupa nikiwa hatua arobaini. Huzaifa akaanguka bila kuachia kamba. Mayunga akainua fimbo tena.

Minza sikumwona alikotokea. Alijitupa juu ya Huzaifa mzimamzima, kanga ikamtoka kichwani, akamfunika. Fimbo ya Mayunga ikabaki juu.

Mtaniuliza nilihisi nini. Niliogopa. Na chini ya woga, naapa, nilihisi wivu. Hadija alikuwa ukingoni anaona kila kitu, na nikawaza, sasa basi, sasa amempata moja kwa moja.

Wenyeji wakafika. Madebe yakadondoka, mapanga hayakudondoka. Bashiri alimwona mwanawe chini akatoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Watu wa pande mbili wakasimama hatua kumi kati yao, kila mmoja anamngoja mwenzake ajikune tu aanze. Eusebio akaja akiuburuta mguu wake, akapita katikati, hakuwa na kitu mkononi. Akasimama mbele ya Mayunga.

"Umeshamzuia," akasema. "Sasa utaacha?"

Mayunga alikuwa anahema. "Ng'ombe wa Masumbuko huyu, katekista! Mwano umepigwa!"

Minza akainua kichwa. Akasema kwa ile sauti yake, na kwa mara ya kwanza watu wote walimsikia, maana hakuna aliyekuwa anapumua. "Ng'ombe nimemtoa mimi. Ni wa kukamua, wa wajukuu wa Hadija. Masumbuko anajua. Sikuwaambia ninyi, kosa langu."

"Na mwano?" akauliza Mayunga. "Mwano kapiga nani?"

Hakuwa na haja ya kuuliza. Wote wakageuka, Wasukuma na wenyeji, wakanitazama mimi na ndoo zangu.

Na Minza akasema, "Mama Penina alikuwa hajui. Ameona ng'ombe wetu anaondoka, akafanya anavyofanya mtu yeyote."

Alisema uongo. Mwenyekiti wa jumuiya, mbele ya katekista, alisema uongo mchana kweupe kwa ajili yangu, na macho yake yalikuwa kwangu, na hayakuwa na hasira hata kidogo.

Nikaona fimbo zinashuka. Nikamwona Abdulkarimu anaingiza panga kwenye ala. Ilikuwa bahati mbaya tu, wangesema, mama wa watu kakosea. Amani ilikuwa imepatikana, na kazi yangu ilikuwa kunyamaza. Lawama yote ingemwangukia Minza, aliyegawa ng'ombe bila kuwaambia wanaume mpaka damu ikataka kumwagika. Wazee wa sungusungu wangemtenga, asisalimiwe, asipewe hata chumvi. Hadija angeambiwa asimkaribie. Kila kitu nilichokitaka nilipewa, tena kimefungwa vizuri kwa jina la amani. Na ukweli ungeweza kuwasha moto upya. Hiyo ndiyo sababu nzuri niliyokuwa nayo ya kunyamaza, na ilikuwa sababu nzuri kwelikweli.

"Nilikuwa najua," nikasema.

Sauti ninayo, kama nilivyoeleza. Ilifika ng'ambo.

"Aliniambia asubuhi. Nilijua Huzaifa hakuiba. Nilipiga mwano nikijua. Minza anawadanganya."

Eusebio anasema kwamba neema ilipita hapo. Yeye ni katekista, lazima aseme hivyo. Mimi najua kilichonifungua mdomo: sikuweza kuvumilia Minza anizidi hata ndani ya dhambi yangu mwenyewe. Kuishi maisha yangu yote huku nikijua ameniokoa, na yeye akijua, halafu ananiita dada! Nilikuwa tayari kufa. Kama Mungu aliweza kupitisha neema katika kitu cha namna hiyo, basi Mungu hana kinyaa, na nashukuru.

Bashiri akanigeukia. Nilidhani atakuja na panga, na nadhani naye alidhani hivyo. Lakini aliyekuja ni Hadija. Alishuka korongoni, akapiga magoti kwa mwanawe, akaushika ule mkono, kisha akaniuliza bila kuinuka, "Kwa nini, Mama Penina?"

Mbele ya wanaume wote wale, mimi mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwenye mjukuu, ikabidi nijibu.

"Kwa sababu ulianza kumpenda Minza."

Hakuna aliyecheka. Kama wangecheka ningepona mapema. Hadija alifunga macho, akatikisa kichwa, akawaambia wanaume wamnyanyue mwanawe. Wakamnyanyua wote, wa huku na wa huku. Mayunga alishika miguu. Walimpeleka zahanati kwa pikipiki, amekaa katikati ya Shaban na Mayunga ili asianguke.

Hukumu ilikuwa ya pande mbili. Mayunga alimfyekea Bashiri magugu chini ya mikorosho yote msimu ule, mahali pa Huzaifa, na hakuna aliyemlazimisha kuimba lakini alikuwa anaimba. Mimi wazee wa sungusungu walinitenga miezi mitatu. Makoye alirudi mnadani akanikuta mke asiyesalimiwa. Hata Minza alikatazwa kusema nami, na hilo, nikiri, halikuniuma sana.

Hadija naye alitoa hukumu yake. Alimtuma Eusebio aniambie: Huzaifa ndiye aliyekuwa mkamuaji, na sasa mkono umefungwa. Zaina anamwogopa ng'ombe. Aliyeuvunja mkono wa mkamuaji aje akamue yeye.

Kwa hiyo kila asubuhi nilivuka korongo kwenda kukamua ng'ombe wa Minza uani kwa Hadija. Siku za kwanza Hadija alikuwa ananiwekea ndoo na kuingia ndani. Yule ng'ombe alinisumbua. Ng'ombe anamjua mwenye mkono mgumu. Anakaza, anazuia maziwa, unabaki unavuta chuchu tupu. Nilijifunza kungoja mpaka vidole vyangu vilegee. Kuna asubuhi nilingoja mpaka jua likanikuta, huku nikisali nisimtukane mnyama asiye na kosa. Baada ya wiki Hadija akaanza kuniitikia salamu. Baada ya mwezi alikuwa anakaa kwenye kigoda karibu yangu, na pacha mmoja mapajani. Kwa mtu aliyetengwa na watu wake, ile ilikuwa sauti pekee ya mwanamke niliyoisikia nje ya nyumba yangu. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo kwa ajili yake.

Mwezi wa pili, asubuhi moja, maziwa yalikuja vizuri. Povu lilijaa ndoo. Hadija akaitazama, akasema, "Mama Penina, wewe unajua kukamua. Nadhani mwenzio Minza hakufikii."

Nilikuwa nimengoja miaka mitatu. Alisema tu, hata hakuwa na nia, lakini aliyesema ni Hadija, na nilitamani aseme tena. Ningeweza kutabasamu tu, nikanyamaza, na sentensi ile ingebaki yangu.

"Ananifikia na kunipita," nikasema. Niliongea nikiangalia ndoo. "Minza anakamua kuliko mwanamke yeyote ninayemjua. Huyu ng'ombe akisikia sauti yake tu anaachia. Kwake ungepata ndoo hii na nusu."

Hadija akafikiri, akimpepea mtoto inzi. "Basi kama ni hivyo," akasema, "kwa ajili ya hawa watoto, kesho na aje yeye. Wewe upumzike."

Sikutegemea hilo.

"Sawa," nikasema. "Nitampelekea habari."

Nilivuka korongo na miguu mizito. Njia nzima niliwaza: mimi nimetengwa, Minza haruhusiwi kusema nami wala mimi naye. Ujumbe ungeweza kuchelewa. Ungeweza kupotea. Kesho ningefika na ndoo yangu, nikasema hakuweza kuja, na nani angenilaumu? Hadija angekaa kwenye kigoda, angeniitikia. Nilifika njia panda, nikasimama. Kushoto ni kwangu. Kulia ni kwa Eusebio.

Nikapita kulia. Nikamkuta anapalilia bustani yake, nikamwambia amwambie Minza kesho aende yeye kukamua, Hadija anamtaka. Akaniuliza kama kuna la zaidi. Nikasema hakuna. Kisha nikarudi nyumbani, nikafunga mlango, nikalia kwa wivu mpaka mchana, na kesho yake Minza alikwenda.